Mtoto wa Sheshe wa Mofu

Nilikwenda Mofu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kwenda. Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa karani katika ofisi ya wanyamapori, Ifakara. Kazi yangu ilikuwa mafaili na taipu. Jumatatu moja ya Juni aliingia muuza samaki akasema Mama Kalista wa Mofu ameokota mtoto wa sheshe, yule swala mwekundu wa bondeni kwetu, akiwa na waya wa mtego mguuni. Daktari wa wanyama alikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge. Nilimpata kwa redio ya upepo.

"Nitafika Jumatano," alisema. "Tangulia wewe, umweke hai. Giza, kimya, maji kwenye sahani. Asipewe maziwa ya ng'ombe wala uji. Na huo waya usiuvute, hata akilia."

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda baiskeli. Barabara ya Namawala ilikuwa bado na matope ya masika, na kila mara nilishuka kuchokonoa udongo kwenye matairi kwa kijiti. Pande zote watu walikuwa wanavuna mpunga. Namawala nilikula wali baridi na samaki wa kukaanga, nikaambiwa mbele maji yamekata njia. Kweli yalikuwa yamekata. Nilivua viatu, nikaibeba baiskeli begani. Moyoni nilisema: akifa, asife kwa sababu mimi nilichelewa.

Saa tisa alasiri niliingia Mofu. Uwanja wa Mama Kalista ulijaa watu, na mtoto wa sheshe alikuwa amelazwa jikoni kando ya moto, mdomo umepakwa uji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiwe daktari?"

"Hapana. Mimi ni karani."

Watu walicheka. Ponsiano, shemeji wa Mama Kalista, akasema, "Karani! Atamwandikia barua? Shemeji, huyo ni kitoweo. Ukingoja kesho utakuta mzoga."

Nilimbeba mnyama hadi chumba cha kuwekea mpunga, nikaziba dirisha kwa gunia, nikaomba watu wote waondoke. Mama Kalista alibaki, akawa anampapasa: "Nyamaza baba, nyamaza." Nami nikampapasa. Hapo nikausikia moyo wake chini ya kiganja changu. Kadiri tulivyombembeleza, ndivyo ulivyozidi kwenda mbio. Kwake yeye tulikuwa chui wawili wenye sauti nzuri.

"Mama, tutoke," nikasema. Tukatoka, tukafunga mlango.

Jumatano alfajiri mnyama alianza kulia. Mama Kalista alikuja na koleo mkononi, auvute waya.

"Wewe una mtoto?"

"Sina."

"Ndiyo maana unaweza kukisikia kilio hicho ukakaa tu."

Maneno yale yaliniingia. Lakini nilisimama mlangoni. "Hata mimi naumia, mama. Hatujui waya umeshika nini ndani. Hupiti."

Alilitupa koleo chini, akaenda shambani bila kuniaga. Saa nne alirudi anakimbia.

"Si yatima! Mama yake yuko pale pale nilipomwokota, ukingoni mwa matete. Anamwita kwa mluzi!"

Ponsiano alisikia, akaanza kuita mbwa wake. Mama Kalista akamkinga njia. "Wafunge. Ukimgusa yule mama, chakula changu hutakionja tena." Ponsiano alimtazama, akaona hatanii. Akawafunga.

Saa nane mchana gari la daktari liliingia, limepakwa matope hadi madirishani. Alimchoma mtoto sindano ya usingizi, akaukata waya kipande kwa kipande. Cha mwisho kilipotoka, damu iliruka hadi kwenye shati lake. Kidole chake kilikuwa tayari kuuziba mshipa.

"Mngeuvuta nyie..." alisema, asimalize. Mama Kalista aliinamisha kichwa.

Daktari alishona, akachoma dawa, akangoja mtoto aamke vizuri. "Mfupa ni mzima, na mama yake ndiye tiba iliyobaki," alisema.

Saa kumi na moja jioni tulimpeleka hadi ukingo wa matete, kitambaa machoni. Tulimfungua, tukarudi nyuma mbali. Alichechemea, akaanguka, akasimama. Mluzi ukasikika. Sheshe jike alitoka kwenye matete, akamnusa, wakaingia majanini wote wawili.

"Hata hakugeuka," Mama Kalista alisema kwa sauti ndogo.

"Ndivyo tulivyotaka," daktari akamjibu.

Alhamisi asubuhi nilianza kurudi Ifakara. Mama Kalista alinifungia mchele nyuma ya baiskeli, akanisindikiza hadi mwisho wa mashamba. "Jana nilikusema vibaya," alisema. Nikamwambia yameisha, na yalikuwa yameisha.

Njia nzima niliwaza. Nilikuwa nikidhani kumsaidia kiumbe ni kumfanyia mengi. Mofu nilijifunza kwamba kuna msaada wa kusimama mlangoni mikono mitupu, ukilaumiwa, ukikisikia kilio, mpaka anayejua afike.