Neno Alilolijua Baba

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru, babangu alikuwa mpishi katika nyumba ya Wazungu huko Diani, nasi tulikaa Mwabungo. Watu walisema Wazungu wataondoka, na anayejua Kiingereza atapata kazi ya ofisini Kwale. Baba akajiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima, akawa anapitia huko kila alasiri akitoka jikoni.

Kiingereza cha kuagizwa chai alikuwa nacho. Kilichomshangaza ni jinsi maneno yao yalivyogeuka. Akirudi hutukalisha mkekani, mimi na mamangu, akatueleza.

"Sisi tuna pika, tuna mpishi, tuna mapishi. Ukisikia tu, unajua ni ndugu. Wao kitendo ni 'lose', yaani kupoteza, jina ni 'loss', sifa ni 'lost'. Utajuaje?"

"Wangekuuliza wewe kwanza," mama alimjibu, akacheka.

Alipenda zaidi yale yaliyofuata kanuni. 'Warm' hutoa 'warmth', 'grow' hutoa 'growth'. Aliyarudia huku akiparua samaki, na ile th akiitoa vizuri, kama ya thamani.

Kisha tumbo la mama likaanza kujaa. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyeishi. Walionifuata wote walizikwa wachanga. Baba akampeleka hospitali, nami nikafuatana nao nikibeba kikapu cha chakula.

Daktari alikuwa Mzungu mgeni, hajui Kiswahili hata cha salamu, na muuguzi wa kumfasiria alikuwa ameitwa wodi nyingine. Alilipapasa tumbo la mama kwa muda mrefu, kisha akamgeukia baba akasema naye polepole. Nilimwona baba akikunja uso, halafu uso ukakunjuka.

"Amesema kuna 'growth'," alimwambia mama. "Yatoka kwa 'grow', kukua. Kuna kinachokua tumboni mwako."

"Mtoto?"

"Na kikue nini kingine humo?"

Mama akajifunika uso kwa leso. "Alhamdulillahi," alisema, akalia. Daktari alipoyaona yale machozi alimshika bega kwa huruma. Sasa naelewa alidhani analilia nini.

Siku zilizofuata zilikuwa za furaha nyumbani kwetu. Mama alikata leso kuukuu akashona nepi. Majirani walikuja kumpongeza. Alinishika mkono akauweka tumboni. "Mguse nduguyo," alisema. Niligusa. Palikuwa pagumu, pametulia. Mikono yake ilizidi kukonda na mashavu yakaingia ndani. Wanawake wakasema mtoto anamnyonya nguvu.

Tuliporudi hospitali, muuguzi alikuwapo, kijana wa Kidigo mwenye adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa sababu mtoto wangu hachezi."

"Mtoto yupi, mama?"

Muuguzi alisoma cheti, akaketi karibu na mama, akamweleza. Ulikuwa uvimbe. Daktari alikuwa ameandika humo apelekwe Mombasa kupasuliwa, tangu siku ile ya kwanza. Kisha akamgeukia baba, kwa sauti ya chini.

"Neno ni hilo hilo, mzee. Ila hapa hospitalini hulitumia kwa maana ya uvimbe."

Mama hakulia. Alimtazama baba akamwuliza, "Wewe alikwambia nini hasa?"



Huko Mombasa walisema umeshaenea, wakaturudisha. Baba aliomba ruhusa kazini, akawa anampikia mama uji na kumnywesha kwa kijiko. Siku moja, mama alikisukuma kijiko kando taratibu.

"Bwana, zile siku nilifurahi," alisema. "Nilifurahi kweli. Usijilaumu."

Baba akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akikohoa na kukohoa, na haikuwa kifua.

Mama alifariki kabla ya mvua za masika. Mwalimu wa kisomo alikuja matangani, akamwambia baba kwamba nafasi yake darasani ingalipo. Baba alimshukuru, akamkaribisha chakula, na hakurudi tena kule. Wazungu walipoiuza ile nyumba, walioinunua walimbakisha jikoni.

Mimi nilipelekwa kwa nyanya, Kwale. Baba alikuja siku zake za mapumziko. Aliniuliza kama nimekula, akaketi na nyanya wakaongea Kidigo, habari za mihogo na mbuzi, mpaka saa ya kuondoka ikafika.