Begi la Tangi la Kwenda Kutembea

Kilosa nzima inajua kwamba mzigo wa pikipiki unakaa nyuma. Gunia la mahindi nyuma, mbuzi nyuma, hata jeneza likibidi linafungwa nyuma. Kwa hiyo Ditram alipofika kwa Mudi, fundi wa siti za pikipiki pale karibu na stendi, akasema anataka begi la kukaa mbele, juu ya tangi la mafuta, Mudi aliacha kukanyaga cherehani akamtazama vizuri usoni kama anayemkagua homa.

"Shikamoo, mzee Ditram."

"Marahaba. Umenisikia?"

"Nimesikia. Kwani nyuma kumekuwaje?"

"Nyuma atakaa Mama Loveth."

Basi hapo ndipo inapoanzia habari ya mtu huyu. Ditram ana miaka hamsini na mbili. Babu yake alitoka Ungoni kuja kukata mkonge Kimamba, baba yake akaajiriwa relini, na yeye mwenyewe ni bodaboda kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Amewawahisha hospitali wajawazito wa Chanzuru mvua ikinyesha, ameteremsha wagonjwa kutoka milima ya Mamboya, amebeba bibi harusi na gauni lake lote bila kulichafua. Lakini Hildegarda, mke wake wa ndoa, amempakia kwenda kliniki, sokoni na misibani tu. Kwingine, hakuna.

Na alimwahidi. Wiki ya harusi yao, miaka ishirini na sita iliyopita, alimwambia kwa kifua kabisa: "Nitakutembeza." Safari ya kwanza ikamezwa na mafuriko, ya pili ikamezwa na masomo ya Loveth, binti yao, na ya tatu ikafa siku moja na mama yake Ditram. Hildegarda akaendelea kupika wali pale stendi. Wasafiri wanakula, wanataja wanakokwenda, wanaondoka, na yeye anabaki na sahani na majina: Kitonga, Mafinga, Makambako, Tukuyu. Anayajua yote kwa mpangilio, na hata moja hajaliona. Safari hii Ditram alipomwambia wiki ijayo watakwenda, alimjibu akiwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa.

"Baba Loveth, hii nayo ikivunjika, usiniahidi tena. Nimeshakuwa mtu mzima."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, Ditram angelala usingizi.

"Kuna msiba?" Mudi aliuliza pale cherehanini.

"Hakuna."

"Mgonjwa?"

"Mudi, tunakwenda kutembea! Tukaione Kitonga, tulale Iringa, turudi."

"Kutembea tu? Hamna mnayemfuata?"

"Hatumfuati mtu."

Mudi akatikisa kichwa. Barabara ni ya kufuata jambo, ndivyo alivyolelewa, na ndivyo tulivyolelewa wote. Hata hivyo akaingia ndani akatoka na begi jeusi la mtumba, zuri, lenye sumaku nne tumboni na mfuko wa plastiki juu wa kutilia ramani. Ditram alilipenda palepale. Akalibandika kwenye tangi, na upande wa kulia likang'ang'ania kama kupe. Upande wa kushoto likateleza likaanguka mavumbini.

"Mzee, umesahau ulivyoanguka Dumila? Upande huu bati la tangi lilibonyea, likajazwa puti. Sumaku inashika chuma, haishiki puti."

Ikabidi Mudi ashone jipya. Alichukua turubai la lori na sponji ya siti, akapima tangi kwa viganja tu, na siku ya tatu akaita watu waje kujaribu. Hildegarda akapandishwa nyuma na aproni yake ya kupikia. "Kata kushoto," Mudi akaamuru. "Kata kulia." Usukani ulipokatwa kushoto kona ya begi ilibonyeza honi, stendi nzima ikageuka. Mudi akapunguza kona. Akatoboa mahali pa kifuniko ili mafuta yatiwe bila kulivua begi. Likabaki suala la kulifunga. Ditram alitaka kamba za kukaza mafundo, maana kamba anaziamini. Hildegarda akasema vifungo vya kubofya, kama vya mabegi ya shule.

"Hivyo vitavunjika," Ditram alisema.

"Na mafundo yako nimeyafungua miaka ishirini na sita. Kucha zimekwisha. Mudi, weka vya kubofya."

Mudi akaweka vya kubofya. Alijua nani anapika wali anaokula kila mchana.

Waliondoka Jumanne asubuhi. Ndani ya begi Hildegarda alipanga vitenge viwili, sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Iringa, na chane tatu za ndizi mbivu zilizonukia mpaka barabarani.

"Za nani hizo?"

"Za tutakaowakuta."

"Hatumwendei mtu, Mama Loveth."

"Na tukikaribishwa? Niingie nyumba ya watu mikono inaning'inia?"

Ditram akabofya vifungo vya begi. Hakuna mwanamke wa Kilosa anayekwenda ugenini mikono mitupu. Na kati yao wawili hakuna aliyekumbuka kwamba barabara ya Mikumi ina wenyewe, na kwamba wenyewe wana pua.

Walivuka kijiji cha Ulaya jua likiwa bado changa. Baada ya hapo nyumba ziliisha, miti ikasogea, na Hildegarda akawa anataja kila anachokiona kwa sauti, kilima, korongo, ndege wa bluu, kama vile mtu anaandika nyuma yake. Halafu akanyamaza. Ditram naye alishaona. Mbele, hatua kama hamsini, tembo walikuwa wanavuka barabara. Jike mkubwa kwanza, kisha wengine, kisha watoto wawili wakikimbilia miguuni mwa mama zao. Hawakuwa na mlio wowote wa kukanyaga. Miili ile yote, na barabara imekaa kimya!

Ditram alizima injini akageuka atafute pa kurudi. Nyuma walikuwa wametoka watatu wengine.

Dume mmoja alibaki katikati ya njia. Aliinua mkonga, akaupindisha hewani, akautuliza ukiwaelekea wao. Kisha akaanza kuja. Hakukimbia. Alikuja polepole kama mtu anayekwenda dukani kwake.

"Ndizi," Hildegarda alinong'ona. "Baba Loveth, ananusa ndizi."

Ditram alitaka kuvua begi, lakini vidole vyake vilikataa kazi. Miaka kumi na minne ya kushika klachi, na leo vidole vinakataa! Akasikia mikono ya mkewe ikipita kiunoni mwake, ta, ta, vifungo viwili vya nyuma vikaachia. Kikabaki kile cha mbele. "Bofya," alimwambia sikioni kwa utulivu kabisa. Akabofya. Begi likatoka zima zima, Ditram akaliweka chini, na wote wawili wakaisukuma pikipiki kinyumenyume mpaka kwenye majani ya kando. Wakasimama hapo wameshikana.

Tembo alifika. Akaweka mguu mmoja juu ya turubai, taratibu, akashika kwa mkonga na kuvuta, na ushonaji wote wa Mudi ukapasuka kwa sauti moja. Akatoa kitenge. Akakinusa, akakiweka kando. Akatoa sweta, akaiweka kando vilevile. Kisha akazipata ndizi. Alizila na maganda yake, na walimsikia anavyotafuna, wakasikia na tumbo lake likinguruma chini kabisa, mngurumo uliowapanda kwenye nyayo. Alikuwa karibu kiasi kwamba Ditram aliona kope zake. Ndefu! Hakuwahi kudhani tembo ana kope ndefu namna ile. Akaona mikunjo ya ngozi iliyoshika udongo mwekundu, na jicho dogo la kahawia lililowatazama bila kuwataka chochote. Ditram alijiona mdogo, mdogo mno, na cha ajabu ni kwamba alifurahi. Woga ulikuwepo, lakini juu ya woga kulikuwa na kitu kikubwa zaidi alichokuwa amekisikia kanisani mara mbili tatu tu maishani. Hildegarda alikuwa amefungua mdomo na hajaufunga.

Tembo alipomaliza alipiga masikio, akaingia porini, na miti ikamfunika yule mnyama mzima kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Waliokota vitenge na sweta, wakavifunga kwenye mabaki ya turubai. Ditram aliwasha pikipiki, na kadiri walivyokaribia Mikumi ndivyo moyo wake ulivyozidi kuwa mzito. Alimjua mkewe. Ameponea chupuchupu, zawadi zimeliwa, nguo zimejaa vumbi, begi limekuwa tambara. Safari ya nne nayo imevunjika, na sasa hata kuahidi haruhusiwi.

Walifika njia panda ya lami. Kushoto Morogoro, kulia Iringa, na nyuma yao njia ya kurudi nyumbani. Ditram akasimamisha pikipiki, mguu chini, malori yakipita. Ndani ya helmeti machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujua kama ni ya yule tembo au ni ya ile miaka ishirini na sita.

"Kulia," Hildegarda alisema.

Ditram aliingiza kidole chini ya kioo akajifuta haraka. "Silii, Mama Loveth. Ni vumbi."

Kisha mkono wa mkewe ukampiga bega la kulia, mara mbili, vilevile abiria wake wote wanavyompiga wakitaka akate kona.

"Lia ukitaka," alisema. "Lakini kata kulia."