Darasa Sebuleni kwa Mama Chebet

Siku yangu ya kwanza ya ualimu niliitafuta shule nikaikosa. Ilikuwa miaka ya tisini, nimetoka chuo na cheti changu cha ualimu wa msingi, P1, na serikali haikuwa na haraka ya kuajiri mtu. Pasta wetu ndiye aliyenituma Roret, akasema kuna kazi kwa Mama Chebet. Nilivuka shamba la majani chai na viatu vyangu vya kisigino, nikakaribishwa sebuleni, nikapewa mursik, maziwa yetu ya mgando. Nilipouliza shule iko wapi, Mama Chebet aligonga meza ya chakula.

"Ni hapa, Madam. Na mwanafunzi ni huyu."

Nusura kikombe kiniponyoke. Siku hizo mzazi akikuambia mtoto wake anasomea nyumbani, ulielewa kwamba hasomi.

Chebet alikuwa msichana wa darasa la tano mwenye kifafa. Alikuwa ameanguka darasani, wenzake wakakimbia wakipiga nduru, na Hedimasta wa shule ya msingi ya pale akamwita baba yake. "Mzee, kaa na mtoto nyumbani," akamwambia. "Akianguka tena hapa, nitabaki na madawati." Watu waliamini kwamba ukiguswa na povu la mwenye kifafa, nawe utaanguka. Mama Chebet hakutaka mengi. Alitaka binti yake afanye mtihani wa darasa la nane kama watoto wengine, na mtihani huo ulifanyiwa shuleni, si mezani kwa mtu.

Kichwa changu kiliuma kwanza kwa sababu ya mtaala. Mama Chebet alikuwa na sanduku la vitabu aliloachiwa na wazungu wa kanisani, waliokuwa wakiwafundisha watoto wao nyumbani kabla ya kurudi kwao. Kwa vitabu hivyo mtoto alisoma kwa mwendo wake, kisha akajisahihisha mwenyewe kwa kitabu cha majibu. Mwanafunzi apewe majibu! Nilikifungia kabatini siku hiyo hiyo. Somo la kilimo halikuwemo, lakini theluji ilikuwa kila mahali. Chebet aliniuliza, "Madam, hii theluji inapaliliwa?"

Basi nikashika silabasi ya serikali, ile ya 8-4-4. Niliandika maazimio ya kazi, yaani mpango wa muhula mzima wiki kwa wiki, na kila jioni andalio la somo, ambalo ni mpango wa kipindi kimoja. Yote hayo kwa mtoto mmoja. Nilijiona mjinga, lakini niliyaandika.

Mmoja hakukaa mmoja. Kule ng'ombe akikamuliwa jirani hunywa, sasa mwalimu utamficha vipi? Walianza binamu zake, wakafuata watoto wa jirani, na kufikia mwisho wa muhula makochi yalikuwa nje chini ya turubai.

"Mama, uliniajiri kwa mtoto mmoja," nikalalamika.

"Sasa nifukuze watoto wa watu, Madam? Na wamekuja na viti vyao?"

Niliogopa sana. Niliona siku Chebet ataanguka na hao nao watatoka mbio, na mtoto atafukuzwa mara ya pili, safari hii nyumbani kwao. Nilimwambia Chebet tutaanza sayansi na mada ya udongo. Akanitazama.

"Madam, anza na mimi."

"Na wewe vipi?"

"Wafunze nikianguka wafanye nini. Udongo baadaye."

Nilikaa chini. Chuoni hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwanafunzi anaweza kujua somo la kwanza ni lipi. Nilikwenda zahanati, muuguzi akanieleza: ondoa viti, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimtie chochote mdomoni, ngoja. Nikaliandaa somo hilo kama mada nyingine yoyote, na lengo lake na vifaa vyake. Chebet mwenyewe ndiye aliyelala sakafuni, akiwakosoa: "Si mgongo! Ubavu!"

Muhula uliofuata Hedimasta alikuja, tai shingoni, amekasirika kwa sababu wanafunzi wake walikuwa wakipungua. "Madam, hii ni shule gani? Nani amekupa kibali?" Alikuwa bado anafoka Chebet alipoanguka.

Mvulana mmoja alisogeza benchi. Msichana akavua sweta, wakamlaza ubavu. Wengine walingoja, na aliyekuwa ubaoni akamalizia sehemu yake ya hesabu. Nilipomtafuta Hedimasta sikumwona. Alikuwa nje, katikati ya majani chai, amezama hadi kiunoni.

Chebet alipoamka na kunywa maji, Hedimasta alirudi hadi mlangoni, jasho likimtoka.

"Hawa wamefunzwa na nani?"

"Na yeye," nikamwonyesha.

Alijifuta uso kwa tai. "Jumatatu walete wote."

"Na Chebet?" Mama akauliza.

"Chebet atangulie, mama. Kwanza awafunze walimu wangu."

Nami nikaajiriwa na kamati ya wazazi katika shule hiyo. Baadaye serikali ilinikumbuka, nikapelekwa Sosiot, kisha Kedowa, ambako nilistaafu nikiwa naibu wa hedimasta. Siku hizi wazazi vijana wanaotaka kufundishia watoto nyumbani hunijia wakitaka jina la mtaala mzuri. Nawaambia wamuulize mtoto kwanza, na hunishangaa kama mtu aliyepungukiwa akili.

Lakini nikiulizwa kazi yangu ilizaa nini, nakumbuka asubuhi ya mtihani wa darasa la nane. Msimamizi aliyetoka mbali alisikia habari za Chebet, akataka atengewe chumba chake. Hedimasta alisimama mlangoni akakataa.

"Huyu anakaa na wenzake."

"Na akianguka?"

"Ataamka. Gawa karatasi."