Mheshimiwa wa Mbao Alivyosema Amina

Mheshimiwa alianza kwa kuuza mbao kijijini kwetu, Kivu ya Kusini. Alikata msitu hadi mlima ukabaki kama kichwa kilichonyolewa, kisha akagombea, wakamfanya mbunge wa jimbo. Nilipokuwa darasa la tisa akaja Amerika kutusalimu: Ijumaa Louisville tunakoishi, Jumamosi Columbus, Jumapili Buffalo. Kutusalimu maana yake kula mbuzi wetu na kutusimulia maisha yake.

Mama alikuwa na ombi moja tu. Koko, yaani mama yake, alikuwa amepiga simu akilia: watu wa Mheshimiwa wamefika na misumeno kwenye mikaratusi saba inayozunguka kaburi la baba yake Mama. Wiki ijayo wanakata.

Louisville, Mama aliposimama kuuliza, mzee wa kanisa akamshika mkono. "Mama, tuliza roho. Mugeni hatumupatishi haya." Ati mgeni! Anayekata miti ya kaburini ndiye wa kuonewa haya?

Tukamfuata Columbus. Kwenye ukumbi huko Hilliard, pembeni mwa mji, maswali yaliandikwa kwenye karatasi. La Mama nililiona kwa macho yangu likizama mfukoni mwa msimamizi. Lililosomwa ni hili: "Mheshimiwa, siri ya mafanikio yako ni nini?" Nikazomea kidogo. Sawa, si kidogo.

Tukarudi kwenye gari.

"Donc, basi tunarudi nyumbani?" nikauliza.

"Nyamaza. Niko nawaza."

Buffalo, ibada ilipokaribia kuisha, Mama akaomba nafasi ya kumwombea mgeni. Nani atakataa maombi? Na kwetu maombi hayakatizwi, hata yakichoma. Watu wakafumba macho. Mimi nikaacha moja wazi, lazima mtu awe shahidi.

"Baba Mungu, bariki huyu mutumishi wako. Unajua ile miti saba ya kaburi ya baba yangu, alipanda moja kwa kila mutoto. Unajua watu yake wanataka kuikata bila kuuliza mujane. Mupe moyo ya kuwasimamisha. Kama anakubali, aseme amina."

"Amina!" kanisa zima likaitika. Mheshimiwa peke yake kimya. Watu wakangoja. Jasho likamshuka hadi kwenye tai.

"Amina," akasema, kama mtu anayemeza mfupa.

Mlangoni akamfokea Mama. "Umenishitaki kwa Mungu!"

"Ni yeye tu hakuniambia nitulize."

Jumatatu watu wake wakapigiwa simu, wakaacha. Lakini Koko alituambia minne ilikuwa chini tayari. Walikuwa wameanza mapema, Jumamosi, sisi tukiwa Columbus tunaandika karatasi.

Mwezi uliofuata Mheshimiwa akasambaza picha yake chini ya mmoja wa ile mitatu iliyobaki, mkono kwenye gome, akijiita mtetezi wa misitu. Mama akaitazama, akasema angalau hiyo mitatu imesimama, akaenda kazini. Mimi hiyo "angalau" siitaki. Wangemwacha aulize Ijumaa, yote saba ingekuwa imesimama.