Hasi na chanya zilivyotaka kuninyima mke Bugarama

Wakuu, habari za mchana. Hii siyo chai, ndama mwenyewe yupo hai.

Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Biharamulo. Nilienda Bugarama, Ngara, kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu Adela. Mshenga alishanimwagia sifa kwamba nimesoma sayansi. Baba mkwe, mfugaji, akachukulia sayansi yote ni ng'ombe.

Siku hiyo bwana mifugo alikuja na sindano za chanjo na koleo la kuhasi. Ndama watatu wamefungwa kwa mstari. Wa kwanza ndiye ambaye mzee alimtegemea awe dume la mbegu.

Mwalimu mwenzangu akanipigia, amekwama darasani. Ni ule mfuatano wa 1, 1, 2, 3, 5, 8, kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia. Chukua 3, 5, 8. Zidisha za pembeni, 24. Ya kati kwa yenyewe, 25. Tofauti ni moja. Ukisogea mbele inabaki moja, ishara tu ndiyo inageuka. Determinant, ile namba moja inayokokotolewa kutoka kwenye matrix, ndiyo inakuonyesha kwa nini (utamu wake acha tu).

Mtandao wa huku mnaujua. Nikasogea zizini, nikapaza sauti na vidole juu:

"Matrix ya moja, moja, moja, sifuri! Ya kwanza hasi! Zidisha kwa yenyewe, ya pili chanya! Ya tatu hasi!"

Mzee akasikia: wa kwanza hasi, wa pili chanja, wa tatu hasi.

"Mmemsikia mwarimu? Shikeni!"

Nageuka, shemeji kamkalia ndama shingoni, koleo limeshafunguka!

"Shikamoo mzee! Subirini! Ile ni hesabu!"

"Marahaba. Hesabu ya nani?"

Shemeji akamwachia ndama mzima, Adela kashika kichwa. Nilijua mke ndiyo basi. Nikakiri mbele ya ukoo kwamba ng'ombe siwajui hata kidogo, nikachora chini 3, 5, 8, halafu 5, 8, 13.

Mzee akainama akikokotoa kimya kimya.

"Kwa hiyo mara inapungua moja, mara inazidi moja?"

"Daima, mzee."

"Basi kwenye mahari, sisi tupigie ile inayozidi."

Ukoo mzima ukacheka. Mimi nilikuwa nalia kwa furaha, sioni aibu kusema.

Funzo: ukiwa ukweni, sema minus na plus.

Nani mwingine taaluma yake imemponza ukweni? Tiririkeni.