Picha ya Mitungi Mitupu

Yeremia wa Newala alikuwa bingwa wa kupiga picha za watu waliokauka. Mteja alivaa viatu vya kuazima, akaweka mikono magotini, akaamriwa asicheke wala asipepese. Hata bwana harusi alitoka kama anayesubiri hukumu. Mkwewe, Mama Dominika, aliiona kazi hiyo kuwa uvivu mtupu. Mwanamume huhamia ukweni ili alime, si ili afiche kichwa ndani ya kitambaa cheusi.

Mwaka 1957 bwana mmoja wa maji alifunga bomba siku tisa, huku michungwa yake ikimwagiliwa. Akina mama wakamfuata mlangoni, Mama Dominika mbele, wakaifudikiza mitungi mitupu na kumtajia ukoo wake wote kwa sauti. Yeremia akafika na kamera, akafanya alichozoea.

“Mama zangu, shikamooni. Tulieni kidogo. Fungeni midomo, tazameni hapa.”

Na wao, picha ni picha, wakapanga mstari, wakakaza khanga, wakakodoa macho. Alipomaliza, matusi yakaendelea palepale yalipokatizwa.

Gazeti la Dar es Salaam likaichapa ukurasa wa kwanza, likasifu ukimya mzito wa wanawake wa Newala. Nchi nzima ikatikisa kichwa kwa huzuni. Yeremia hakuona sababu ya kuwasahihisha. Tena alinunua kofia.

Lakini Mama Dominika alikuwa ameshitakiwa kwa kuongoza fujo. Barazani Yeremia alimpa liwali lile gazeti, maana mkewe alikuwa hajala siku mbili kwa kumlilia mama yake. Liwali akaitazama picha, akamgeukia askari.

“Fujo iko wapi? Mbona hawa wamenyamaza?”

Yeremia akashusha pumzi. Mama Dominika akainuka.

“Shikamoo, liwali. Tulinyamaza kwa ajili ya picha. Kelele tulipiga, na aliyeanza ni mimi. Hatukuwa na maji.”

Akafungwa wiki tatu. Yeremia alilia mbele za watu, na kofia yake mpya kichwani. Alipokuwa akitolewa barazani kwenda jela, yule mama, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuwahi kumtazama usoni tangu harusi, alisimama mbele yake akamkazia macho.

“Baba Priska, picha umeipiga vizuri. Lakini mjukuu wangu akikuuliza, usimwambie bibi yake alinyamaza.”

“Sitamwambia, mama,” akasema Yeremia.