Mikono ya Wifi Ndani ya Kuta Zangu

Wifi yangu wanamwita Cheche. Jina hilo hakupewa na mama yake, alipewa na mtaa, siku alipofungua redio ya baba yake kwa kisu cha kukatia vitunguu. Alikuwa darasa la sita. Redio ikamrusha hadi mlangoni. Akainuka, akarudi, akaimaliza, ikaimba. Hadithi hiyo mume wangu amenisimulia mara nyingi kuliko alivyowahi kunisifia mchuzi, na kila akifika pale pa "ikaimba" anacheka peke yake. Mimi sijawahi kuifanya redio iimbe. Mimi niliolewa tu.

Nisiseme uongo, siandiki haya kwa kumpenda sana. Naandika kwa sababu watu wananiuliza habari zake kila wiki, na mdomo umechoka.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwepesi kama paka wa dukani. Anavaa ovaroli ya bluu yenye mifuko kumi na moja, nimeihesabu. Anakula amesimama. Akiingia nyumba ya mtu hatazami makochi wala mapazia, anatazama dari, kama vile mwenye nyumba anaishi huko juu. Aliwahi kuwa na mume. Yule bwana alisema yeye anataka mke, hataki nguzo ya umeme, akafunga mizigo. Cheche akabadilisha kitasa, akaenda kazini. Ndiyo habari yote ya ndoa yake. Ukimuuliza zaidi anakuuliza wewe kwa nini swichi yako ya jikoni inalia.

Kwa miaka kumi na tano alifanya kazi chini ya fundi mmoja tunayemwita Muhuri. Huku kwetu nyumba haiungwi umeme mpaka fundi mwenye leseni apige muhuri wake kwenye fomu. Basi Cheche ndiye aliyekuwa akichimba kuta, akilaza mabomba ya kupitishia nyaya, akizivuta na kufunga soketi. Siku ya mwisho Muhuri anashuka na viatu visivyo na vumbi, anagonga muhuri, nyumba inaandikwa kazi yake. Nusu ya taa za mtaa huu zimewashwa na mikono ya Cheche, lakini ukisoma karatasi, hajawahi kushika hata bisibisi.

Mwaka jana akaenda mwenyewe kuomba leseni. Wakamwambia: leta nyumba moja uliyoifunga peke yako, mwanzo hadi mwisho, mkaguzi aione. Ikipita, leseni yako. Ikianguka, rudi baada ya miaka miwili. Nyumba zote duniani, akachagua yangu.

Nyumba hiyo tuliijenga miaka tisa. Mimi ni mshonaji. Ukuta wa mbele ni sare za shule, chumba cha watoto ni mapazia ya watu, na bati la jikoni ni magauni ya harusi ambayo sikualikwa. Nilikuwa nikipita pale jioni nashika tofali, naliambia, wewe ni kola, wewe ni zipu. Mume wangu naye aliweka nguvu zake, simnyimi haki. Lakini siku ya kuchagua fundi wa umeme hakuniuliza. Alisema tu, "Mdogo wangu yupo, tutafute nini tena?"

Basi mdogo wake akaja na chaki.

Ana mtindo wake, na huo ndio ulioanza kunichoma. Hapimi mahali pa swichi kwa futi. Anamchukua mwenye nyumba, anamtoa nje ya chumba, anamwambia, "Fumba macho. Ingia kama unavyoingia kwako. Tafuta taa." Pale kiganja kinapogonga ukuta ndipo anapochora chaki. Anasema swichi ikikaa mbali na mkono, mtu ataipapasa maisha yake yote.

Vizuri. Lakini mwenye nyumba aliyefumbishwa macho ni nani? Kaka yake. Vyumba vyote, kaka yake. Mimi nimesimama koridoni na futi yangu ya ushonaji shingoni, natazama mume wangu anatembea kama mlevi, na dada yake anamcheka, "Kaka, huko ni dirishani!" Wanacheka wote wawili kicheko kimoja, cha nyumba ambayo mimi sikulelewa humo.

Tukafika chumba cha kulala. Changu. Cheche hata hakumfumba macho.

"Hapa kaka analala kushoto," akasema, akachora chaki kushoto.

"Na mimi nalala hapa hapa, wifi," nikamwambia. "Au umesikia nalala stoo?"

"Aa, wifi, wewe unawahi kusinzia. Kaka ndiye anayezima taa."

Ni kweli. Ndiyo maana iliuma. Nani alimwambia nawahi kusinzia? Mume wangu akajifanya anakagua dari.

Kazi ikaenda mbele. Akalaza mabomba, mwashi akapiga plasta, Cheche akarudi kuvuta nyaya. Kazi yake safi, siwezi kuikana. Majirani wakawa wanaingia kuangalia. "Nyumba ya Cheche imependeza!" Nyumba ya nani? Mama mmoja wa duka la mkaa akanipa mkono wa pongezi, kisha akauliza kama Cheche yupo ampongeze na yeye vizuri.

Wiki ambayo Cheche alikwenda kumalizia kazi ya mtu mwingine, nilimwita mwashi. Nikamwingiza chumbani, nikamwonyesha upande wa kulia, upande wangu.

"Nichimbie hapa tundu la swichi."

"Wifi yako anajua, mama?"

"Nyumba hii amejenga wifi?"

Akachukua tindo na nyundo. Sikujua, na yeye hakujua, kwamba bomba la soketi za vyumba vya nyuma lilikuwa linapita pale pale, ndani ya ukuta. Pigo la nne tukasikia kitu kimepasuka. Akachungulia.

"Mama, nimegonga bomba. Naona na nyaya zimechunika."

Ningesema siku ile ile, ingekuwa kazi ya saa moja. Lakini kusema ni kumwambia Cheche kwamba nilitaka swichi, nikashindwa hata kuchimba shimo. Nikamwambia mwashi, "Fukia." Akafukia kwa saruji mbichi. Fundi rangi akapita juu yake. Ukuta ukawa laini kama shavu la mtoto.

Siku ya kuamkia ukaguzi Cheche akaja na mashine yake ya kupimia, ile yenye sindano inayoonyesha kama nyaya zimekaa salama ndani ya kuta. Sebule, sindano ikapanda juu. Jikoni, juu. Vyumba vya nyuma, ikalala chini kabisa.

Akapima tena. Ikalala.

"Laini hii inavuja," akasema. Hakunitazama, kwa nini anitazame? Akafungua soketi moja baada ya nyingine, akajaribu kuvuta nyaya zitoke ndani ya bomba. Hazikusogea. Zilikuwa zimegandishwa na saruji. Nikamwona anakaa chini sakafuni, kitu ambacho sijawahi kukiona. Cheche hakai.

"Nimepinda bomba vibaya," akasema taratibu. "Limevunjika ndani. Mimi mwenyewe. Na ukuta wenyewe ni mita nne, nitapasua wapi?"

Nimengoja miaka kumi na minane kumsikia mwanamke huyu akisema "nimekosea." Hiyo hapo. Nikaingia jikoni, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Mume wangu, kwa kutaka kusaidia, akampigia simu Muhuri. Mafundi wa kuunga laini walikuwa mtaani wiki ile ile. Nyumba isiyopita ukaguzi wanairuka, na kurudi kwao anajua Mungu. Muhuri akaja haraka, kana kwamba alikuwa nyuma ya mlango. Akatazama ile mashine, akatikisa kichwa kwa huzuni ya furaha.

"Nilimwambia huyu," akamwambia mume wangu, si Cheche. "Kuvuta waya anajua. Kichwa cha kazi ni kitu kingine. Sikiliza, bwana. Kesho mimi ndiye nitasimama na mkaguzi. Laini ya nyuma tutaikata, tutasema vyumba vile havijamalizika. Nyumba naiandika kazi yangu, muhuri wangu, umeme unawaka. Na huyu arudi kazini Jumatatu, sina kinyongo."

"Mdogo wangu?" mume wangu akauliza.

Cheche alikuwa anatazama vidole vyake. "Umeme muhimu, kaka. Usikae gizani kwa ajili yangu. Leta hiyo fomu."

Kumbe ningepata nilichotaka! Jina lake litoke katika nyumba yangu, na lisitoke kwa mkono wangu. Nilipaswa kupiga vigelegele. Badala yake nikaona yule mzee anaketi kwenye kiti changu, ananyoosha vile viatu vyake, na kusema, "Wanawake hawa, ukiwapa chaki wanadhani wamepewa ubao." Na Cheche kimya! Cheche, ambaye mimi namrushia maneno tangu siku nilipoolewa na hajawahi kuyaokota hata moja, amefungwa mdomo na huyu? Nikashikwa na wivu ambao hata sasa naona aibu kuueleza. Kama kuna mtu wa kumnyamazisha wifi yangu, ni mimi. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi bila mafanikio, halafu mtu wa nje anaifanya mara moja akiwa amekaa!

Nikatoka jikoni. Nikachukua nyundo kwenye mfuko wake wa vifaa, nikaingia chumbani. Wakanifuata wote watatu. Nikapiga ukuta, upande wa kulia wa kitanda, kwa nguvu zangu zote. Rangi ikaruka. Nikapiga tena.

"Mama watoto! Umepatwa na nini?"

"Bomba limevunjika hapa," nikasema. "Si kwingine. Hakupinda vibaya. Limevunjwa kwa tindo."

Cheche akapiga magoti, akafukua saruji kwa bisibisi, akaona. Waya mwekundu umechunika mpaka shaba inachungulia.

"Umejuaje, wifi?"

"Nilimwambia mwashi achimbe. Nilitaka swichi upande wangu."

Mume wangu akajifanya tena anakagua dari.

"Si ungeniambia tu?" Cheche akasema. "Ningekuwekea siku ile ile."

"Ndiyo. Ungeniwekea *wewe*."

Akanitazama. Halafu, jamani, akacheka. Si kicheko cha kwao, kingine. Akageuka kwa Muhuri, akamwambia, "Mzee, asante kwa kuja. Kiti umekiona, na mlango umeuona."

Muhuri aliondoka akitaja miaka kumi na mitano na shukrani ya punda.

Tulifanya kazi mpaka jua linaelekea kuzama. Cheche akakata kipande kibovu cha bomba, akaunga kipya, akanikalisha upande mmoja na nyaya mpya, yeye upande wa pili. "Sukuma, wifi. Usivute. Sukuma kama unaingiza mpira kwenye kiuno cha sketi." Hilo nalijua, nikalifanya vizuri, na hakunisifu, nikamshukuru kwa hilo. Swichi ya upande wangu akaiweka bila kuniuliza. Shimo lenyewe akakataza lisipigwe plasta.

"Mkaguzi ataliona," nikamwambia.

"Na alione."

Mkaguzi alikuwa kijana wa miwani, mpole, mwenye ubao wa kubania karatasi. Akapima kila laini, sindano zikapanda. Akafika chumbani, akaona ule mdomo wazi ukutani.

"Hapa vipi, mama?"

Cheche akajibu, "Nilikuta waya umechunika. Nimebadilisha bomba na nyaya zote za laini hii."

"Nani aliuchuna?"

"Mambo ya ujenzi."

Kijana akavua miwani. "Unajua ni wangapi wangefukia wakanyamaza? Nyumba ishirini nimekagua mwezi huu, hakuna aliyeniachia shimo nione mwenyewe." Akaandika kitu kirefu kwenye ubao wake, akitabasamu.

Mnaona mambo? Mimi ndiye niliyefukia. Tindo langu, kosa langu, saruji yangu, na sifa bado zikamwendea yeye! Kama ningekaa kimya na mikono yangu, angepata leseni ya kawaida kama watu wengine. Nimempandisha cheo kwa ubaya wangu mwenyewe.

Leseni ikatoka mwezi uliofuata. Ana muhuri wake sasa, mdogo, anautembeza kwenye mfuko wa kifuani, sijui kama analala nao. Kazi zimemjaa. Na kila mteja mpya anayesitasita, Cheche anamwambia, "Nenda kwa wifi yangu ukaangalie." Basi mimi na cherehani yangu hatupumziki. Hodi, hodi, watu nisiowajua wanaingia na viatu, wanabonyeza swichi, wanapapasa kuta zangu.

Juzi alikuja mama mmoja mwenye ujenzi uliofika usawa wa dirisha. Akazunguka vyumba vyote, akawasha, akazima, akahema.

"Dada, una bahati. Ningekuwa mimi na wifi kama huyu!"

"Huna wifi?"

"Ninao watatu. Wavivu, hawajui hata kubadilisha balbu."

Nikamtazama yule mwanamke. Watatu, na wote wavivu. Nikamwonea wivu mpaka mate yakanikauka.

"Mshukuru Mungu, mama," nikamwambia, nikamsindikiza hadi mlangoni. "Namba ya Cheche hii hapa. Mwambie umetoka kwangu."